Tupige marufuku kinywe kusafirishwa nje? Jibu kwa mwalimu wa Ruangwa

Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, ameniandikia hivi:

"Wanafunzi wangu wanaona malori yaliyobeba mifuko mikubwa myeupe ya kinywe (grafiti, kaboni nyeusi ya kwenye penseli) yakienda bandarini. Wameniuliza swali nikashindwa kulijibu. Kama dunia nzima inayalilia madini haya kwa ajili ya betri, kwa nini serikali isipige marufuku kuyasafirisha ghafi, kinywe, nikeli na yote, mpaka wenye viwanda waje kujenga hapa? Indonesia si walifanya hivyo wakafanikiwa? Na wale wanaotaka kazi huko mbele niwaambie wasome nini?"

Mwalimu, salaam nyingi kwako na kwa darasa lako. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kuchenjua madini kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitajibu kuanzia pale ninapopajua vizuri, ndani ya ule mfuko mweupe. Kwa ufupi, nadhani marufuku ya kinywe ingetuumiza sisi kabla haijamgusa mnunuzi, na ya nikeli vilevile. Lakini kuacha mambo yaende kama yanavyokwenda nako siungi mkono. Tumebishana miaka mingi kuhusu nani anamiliki shimo, na tumebishana kidogo mno kuhusu nani anaamua mfuko uende wapi.

Mwamba wenye kinywe ukitoka shimoni unasagwa, unachanganywa na maji na mafuta kidogo ya aina ya dizeli, kisha hewa inapulizwa kutoka chini ya tangi. Kinywe hakipatani na maji. Kinang'ang'ania mapovu na kupanda nayo juu, tope linabaki chini. Ukichota lile povu jeusi ukalisugua kati ya vidole, linateleza kama grisi, na vidole vinabaki na mng'ao wa risasi hata ukinawa mara mbili. Likikaushwa na kuchekechwa ndilo linaloingia mfukoni, likiwa na kaboni kama asilimia 95.

Sasa waambie wanafunzi wakitazame kinachobaki juu ya chekeche na kinachopita. Juu zinabaki chembe bapa, zinazoonekana kwa macho kama magamba ya dagaa. Hizo ndizo zenye bei nzuri, na nyingi haziendi kwenye betri kabisa. Zinatengenezewa matofali ya kujengea matanuru ya chuma, vyungu vya kuyeyushia metali na vifaa vya kuzuia moto. Ruangwa inasifika kwa chembe hizo kubwa, na hata neno Jumbo katika jina la mgodi wa Lindi Jumbo, ulioanza uzalishaji mwaka 2024, linatokana nazo. Kinachokwenda kwenye betri ni zile ndogo zinazopita chini, na bei yake ni ya chini.

Chembe ndogo nayo ina safari ndefu kabla ya kuwa betri. Kwanza inasagwa zaidi na kuviringishwa mpaka iwe na umbo la kiazi, ndogo kiasi kwamba huioni bila hadubini. Katika kuviringisha huko karibu nusu ya mzigo inageuka vumbi lisilo na bei ya maana. Kisha inasafishwa kutoka asilimia 95 hadi 99.95. Wachina wengi wanasafisha kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo inakula hata kioo. Wengine wanatumia kostiki soda, na wengine joto linalozidi nyuzi 2,500. Baada ya hapo kila chembe inavikwa ngozi nyembamba ya lami na kuokwa. Ukimaliza yote hayo, mwenye kiwanda cha betri anachukua sampuli yako anaijaribu kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, ndipo akuambie kama atanunua.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu hapa ndipo sera ya madini ya nchi yoyote inapofaulu au kukwama. Uchina inachimba zaidi ya theluthi mbili ya kinywe cha asili duniani, lakini nguvu yake haitoki shimoni. Inatoka kwenye hizo hatua za kuviringisha, kusafisha na kuvika, ambako inashika zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Oktoba 2023 ilipotaka kuwakumbusha wengine jambo hilo, haikupiga marufuku. Ilitangaza kwamba kuanzia Desemba anayetaka kusafirisha kinywe cha aina fulani aombe kibali, aeleze mnunuzi ni nani na atakifanyia nini. Ilikuwa imefanya vivyo hivyo kwa galiamu na jermaniamu, metali za kutengenezea vifaa vya elektroniki, Agosti ya mwaka ule ule, na Aprili 2025 ikafanya kwa aina saba za madini adimu yanayotumika kwenye sumaku za magari na silaha. Karatasi ya kibali inatosha kuwatikisa wenye viwanda vya magari vya Detroit na Stuttgart, kwa sababu nyuma yake kuna kiwanda ambacho hakipo penginepo.

Sisi tukifunga lango kesho, nyuma ya kufuli kuna nini? Kuna mifuko. Mnunuzi atakwenda Madagaska, Brazili au Msumbiji. Na hata wote wakifunga, kipo kinywe cha kutengeneza kiwandani, kinachookwa kutokana na makaa ya mafuta ya petroli, na betri nyingi za magari tayari zinakitumia. Bei ya kile cha asili ikipanda sana, mwenye betri anaongeza kile cha kutengeneza. Kwa hiyo kabla ya kufunga lango inabidi kujiuliza mambo mawili. Tumeshika sehemu gani ya mzigo wa dunia, na mnunuzi akikosa wetu ana kingine cha kutumia? Kwa kinywe, tumeshika sehemu ndogo, na anacho.

Ndipo tufike Indonesia, kwa sababu wanafunzi wako wana haki ya kuitaja.

Indonesia ilizuia mbale ghafi za nikeli, yaani udongo na mwamba wenye madini hayo, kutoka nje ya nchi mwaka 2014, ikalegeza 2017, ikazuia tena moja kwa moja Januari 2020. Viwanda vilijengwa kweli, Morowali na kwingineko katika Sulawesi na Maluku, na leo zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani inatoka kwao. Umoja wa Ulaya uliwashtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, ukashinda mwaka 2022, nao wakakata rufaa na kuendelea na msimamo wao. Mimi nawaheshimu kwa hilo. Lakini wanafunzi wajue na yaliyokuwa nyuma ya ushindi huo. Nchi ile ilikuwa na mbale nyingi kuliko yeyote, tena ya udongo mwekundu ambayo haifai kusafirishwa mbali, kwa kuwa nikeli ndani yake ni asilimia moja au mbili na kilichobaki ni udongo na maji. Ilikuwa na makaa ya mawe jirani, ikajenga mitambo ya umeme wa makaa mlangoni mwa viwanda. Na ilikuwa na kampuni za Kichina zilizokwisha kujua teknolojia na zilizokuwa zinategemea mbale hiyo hiyo. Hivyo vitatu vilikutana. Gharama nayo ilikuwepo. Bahari na misitu imeumia, sehemu kubwa ya hisa za viwanda ni za Wachina, na Desemba 2023 mlipuko katika kiwanda kimoja cha Morowali uliua wafanyakazi takriban 20.

Jambo lingine halisemwi sana hapa kwetu. Mafanikio ya Indonesia ni moja ya sababu zinazoichelewesha nikeli yetu. Machi 2022 bei ya nikeli ilipaa hadi kuvuka dola 100,000 kwa tani kwa saa chache kwenye soko la London, kila mtu akaona ni dhahabu mpya. Viwanda vya Indonesia vilipofurika, bei ikashuka hadi dola elfu kumi na tano, kumi na sita. Oktoba 2024 kampuni kubwa ya madini ya BHP ikasimamisha shughuli zake za nikeli Australia. Mwaka 2025 ikajitoa na kwenye mradi wa Kabanga, ule wa Ngara mkoani Kagera, ambao umejulikana tangu miaka ya 1970. Makubaliano ya Januari 2021 yaliipa serikali asilimia 16 ya kampuni ya mradi huo, Tembo Nickel, na yakataja kiwanda cha kusafisha Kahama, ambacho baadaye kilipangiwa eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Machi 2023 Makamu wa Rais wa Marekani wa wakati huo, Kamala Harris, alisimama Dar es Salaam akakitaja kiwanda hicho na mwaka 2026. Hayo hayakuwa maneno ya uongo, ila bei ya nikeli inaamuliwa Sulawesi, na Ngara inaletewa majibu.

Kongo ni habari nyingine, na watu wanaichanganya na Indonesia. Jirani zetu wanachimba karibu asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia. Februari 2025, bei ilipokuwa imeanguka vibaya, Kinshasa ilisimamisha mauzo yote nje. Oktoba ikaachia kwa mgawo: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na kwa 2027, kila kampuni na fungu lake. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili. Hiyo ni silaha ya bei, na inafanya kazi kwa sababu ya ile asilimia 70. Haijageuza kobalti ya Kolwezi kuwa betri. Kobalti inaondoka kama unga wa haidroksaidi, inasafishwa Uchina kama zamani. Na hata silaha ya bei ina ukomo. Karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani sasa ni za chuma na fosfeti, hazina kobalti wala nikeli hata chembe.

Ukitaka kuona uhusiano wa Kongo na sisi, nenda bandari ya Dar es Salaam meli ya salfa inaposhusha. Ni milima ya unga wa njano, unapakiwa kwenye malori yanayopanda Tunduma kwenda Zambia na Katanga. Kule unageuzwa asidi ya salfuriki ya kuyeyushia shaba na kobalti. Lori lile lile linarudi na shaba. Tangu nione msafara huo mara ya kwanza nimekuwa nikiwaambia vijana kazini kwamba anayetaka kujua kama nchi iko tayari kusafisha madini ahesabu kwanza asidi yake, ndipo ahesabu migodi.

Turudi nyumbani. Wanafunzi wako huenda hawakumbuki mwaka 2017, lakini wewe unakumbuka makontena 277 ya makinikia (mchanga wenye dhahabu na shaba ambao haujayeyushwa) yaliyozuiwa bandarini, kamati ya Profesa Mruma, kisha ya Profesa Osoro, na kampuni ya migodi ya dhahabu ya Acacia kudaiwa kodi ya dola bilioni 190. Marufuku ya makinikia tumeijaribu, kwa hiyo hatuna haja ya kukisia. Bulyanhulu ikapunguza kazi mwishoni mwa mwaka ule, na familia nyingi za Kahama ziliumia. Kiyeyushio hakikujengwa, kwa sababu makinikia ya migodi miwili hayashibishi kiyeyushio cha shaba, na hakuna mwekezaji anayejenga jiko la karamu kwa ajili ya sufuria mbili. Tulichopata ni kingine, na si kidogo. Kampuni ya Barrick iliinunua Acacia yote, ikakaa mezani, ikakubali kulipa dola milioni 300, ikatoa hisa asilimia 16 na mgawanyo wa nusu kwa nusu wa faida za kiuchumi, na Januari 2020 ikatiwa saini kampuni ya ubia ya Twiga. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba nchi ilikuwa na haki ya kudai. Ila kilichotuletea tija pale kilikuwa mazungumzo na hisa. Marufuku ilitufikisha mezani, haikutujengea kiwanda, na yapo maeneo ambako njia ile ile ilitugharimu.

Eneo moja liko mkoani kwako. Ntaka, Nachingwea, kuna nikeli. Mwaka 2018 kanuni mpya zilifuta leseni za kuhodhi maeneo bila kuchimba, na ya Ntaka ikafa pamoja nazo. Wenye mradi wakaenda kwenye mahakama ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, Julai 2023 wakashinda zaidi ya dola milioni 109, na mwaka uliofuata serikali ikakubali kuwalipa milioni 90. Nikeli ya Ntaka bado iko chini. Sheria ile ile ya kufuta leseni za kuhodhi ndiyo iliyoirudisha Kabanga mikononi mwetu kutoka kwa Barrick na Glencore ili tupatane upya, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa na ubaya tu. Nasema ilikuwa na bei, na darasa lako lijue bei hiyo ililipwa kwa fedha ambayo ingejenga maabara nyingi.

Halafu kuna jambo ambalo litawashangaza wanafunzi. Marufuku wanayoitaka iko kwenye vitabu tayari. Sheria ya 2017 kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili zake inasema maliasili ghafi zisipelekwe nje kwenda kuongezewa thamani. Sasa mfuko wa Ruangwa unapitaje? Unapita kwa sababu kinywe cha asilimia 95 hakihesabiwi kuwa ghafi. Kimeshasagwa, kimeshaelea, kimeshachekechwa. Kwa macho ya mgodi ni bidhaa iliyokamilika. Kwa macho ya mwenye betri ni malighafi iliyo mbali kabisa. Wote wawili wako sahihi, na neno "ghafi" limekaa katikati bila mwenyewe. Kama kuna kazi moja ya karatasi ambayo ningeomba wizara iifanye kabla ya nyingine zote, ni kuandika kwa kila madini: hatua ya kwanza ni hii, ya pili hii, ya tatu hii, na leo tunaitaka hii ifanyike hapa, kufikia mwaka fulani.

Bado swali la nani anaamua mfuko uende wapi. Migodi mingi ya kinywe inapata mkopo wa ujenzi kwa kuonyesha benki mkataba wa mnunuzi aliyekubali kununua mzigo kabla haujachimbwa. Mgodi wa Mahenge, kule Ulanga, umeungwa mkono na kampuni ya POSCO ya Korea Kusini kwa njia hiyo, kwa fedha na kwa mkataba wa mzigo. Sina neno na POSCO. Wao wanataka kujitoa kwenye utegemezi wa Uchina, na hiyo ni sera ya nchi yao inayofanya kazi. Tazama pia Msumbiji. Kinywe cha Balama, Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kinapelekwa Louisiana, ambako kampuni ya Syrah imejenga kiwanda cha kukiviringisha na kukisafisha kwa mkopo wa serikali ya Marekani wa dola milioni 102. Wamarekani hawakumiliki shimo. Walihakikisha mfuko unaelekea kwao. Umoja wa Ulaya umeandika katika sheria yake ya 2024 kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 40 ya usafishaji wa madini wanayoyahitaji ufanyike kwao. Kila mmoja anapigania hatua ya katikati, na sisi tunasherehekea asilimia 16 ya hisa.

Hisa ni nzuri, naomba nisieleweke vibaya. Lakini hisa inaleta gawio, na gawio linakuja faida ikipatikana, tena baada ya mikopo kulipwa. Haikupi neno juu ya mzigo. Ningependa kila leseni kubwa ya uchimbaji iseme kwamba sehemu fulani ya mzigo, tuseme moja ya tano, ipewe kwanza kiwanda cha ndani kwa bei ya soko, na asipopatikana mnunuzi wa ndani kwa siku kadhaa mgodi uko huru kuuza nje. Hakuna anayenyang'anywa, na benki haikimbii. Hili tumelifanya kwenye dhahabu. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya viwanda vya kusafisha vya ndani na Benki Kuu. Imefanya kazi kwa sababu mnunuzi yupo na fedha anayo.

Kwenye kinywe mnunuzi wa ndani itabidi alelewe, na singeanza na betri. Nenda kwa mnunuzi yeyote wa dhahabu Geita, Chunya au Mwanza, umtazame anapoyeyusha. Anawasha gesi, anaweka dhahabu kwenye chungu cheusi chenye ukubwa wa kikombe cha uji, anakikoroga na kumimina. Chungu kile ni kinywe na udongo, na kimetoka nje. Kikipasuka ananunua kingine. Vivyo hivyo kwa mafundi wa kuyeyusha aluminiamu na shaba Gerezani, Kariakoo, na kwenye karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kwa viwanda vya chuma vinavyoagiza matofali ya tanuru. Hizo ni bidhaa za chembe kubwa, ambazo ndizo Ruangwa inazo, hazihitaji asidi inayokula kioo, na mteja yuko humu humu nchini. Baada ya hapo, kuviringisha chembe ndogo, kazi ambayo inataka umeme na mashine tu. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, tunaweza kuliongelea hilo kwa uso mkavu sasa, ikiwa laini ya umeme ya kusini itakuwa ya kuaminika. Hatua ya asidi ije mwisho, ikija, na ije na bwawa la maji taka lililojengwa na watu wanaoogopa Mungu.

Na maabara. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mgodi ambao siutaji. Tulipeleka shehena iliyopimwa kwetu ikawa asilimia 95 na kidogo. Mnunuzi akapima kwake akasema 94 na kitu, akakata bei kwa mzigo wote. Nilikuwa nimekipima mwenyewe. Unaweka gramu moja kwenye kikombe kidogo cha kauri, unakiingiza kwenye tanuru la nyuzi 950, kinywe kinaungua chote, unapima jivu lililobaki. Nilirudia mara tatu, jivu likaja lile lile. Haikusaidia. Cheti chetu hakikutambuliwa na mkataba, cha kwake kilitambuliwa, na kupeleka sampuli ya usuluhishi kwenye maabara ya nchi ya tatu kungechukua wiki huku meli ikidai. Tulikubali. Ile nusu asilimia iliyopotea kwa sababu ya karatasi ndiyo inayonifanya niseme kwamba maabara ya Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma, ikipewa mashine, wakemia na ithibati ya kimataifa kwa kila aina ya madini, italinda mapato kuliko askari wa getini. Mpango wa wizara wa kupima nchi kutoka angani kwa kina, kutoka asilimia 16 ya eneo hadi 50 kufikia 2030, nao naupenda kwa sababu hiyo hiyo. Anayejua alichonacho hapangiwi bei kirahisi.

Nikuombe uwaulize wanafunzi jambo moja ambalo hata sisi wataalamu tunalisahau. Tunaposema "madini muhimu", muhimu kwa nani? Orodha ya Marekani inatokana na hofu za Marekani, na ya Ulaya na za Ulaya. Sisi tunazinakili kisha tunajiona matajiri kwa kuwa tumo kwenye hofu ya mtu mwingine. Kenya ilipoandika orodha yake ya madini 14 ya kimkakati iliweka na fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda baada ya vita vya Ukraine, mkulima wa Songea hakukosa lithiamu. Alikosa mbolea, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Tuna fosfeti Minjingu, Manyara. Tuna chuma Liganga, Ludewa, chenye vanadi na titani ndani yake, na makaa ya mawe Mchuchuma jirani yake, miradi ambayo baba yangu aliisikia redioni nikiwa sijaanza shule. Sera ya taifa ya madini muhimu ingeanza na orodha ya vitu ambavyo Mtanzania akivikosa kwa miezi sita anaumia: mbolea, saruji, nondo, salfa, dawa za kutibu maji. Kinywe na nikeli viingie baada ya hapo, kama biashara tunayotaka kuifanya vizuri.

Kwa wale wanaotaka kazi: kemia, kemia, na fizikia ya umeme. Jiolojia inapendwa kwa sababu ina kofia na gari, lakini pengo kubwa liko kwa wanaojua kusimama kwenye tangi la povu saa nane usiku na kutambua kwa rangi tu kwamba dawa imezidi, na kwa wanaojua kuendesha maabara ambayo cheti chake hakipingwi. Mafundi wa vyuo vya ufundi, wa pampu, wa umeme wa viwandani na wa kuchomelea, hawatoshi. Na mmoja wao asome sheria za mikataba, akumbuke kusoma ukurasa unaosema mzigo utapimwa wapi.

Kwa darasa, fanya hili Ijumaa. Chukua penseli mbili, moja yenye alama HB na moja 2B, uzichonge pande zote mbili. Chukua betri mbili za tochi, kitaa kidogo cha LED na nyaya. Unganisha umeme upite kwenye penseli ya kwanza, kisha ya pili. Kwenye HB kuna udongo zaidi, kwenye 2B kinywe zaidi, na kitaa kitawaonyesha tofauti. Kisha waambie wapitishe umeme kwenye chembe ya kinywe cha Ruangwa chenyewe, ile kubwa iliyobaki juu ya chekeche, wakiishika kwa vibanio viwili. Niandikie kilichotokea, na chembe ilikuwa na upana wa milimita ngapi.